Kamera Ndogo ya Video ya Nyumbani: Tuliyojifunza Kabla na Baada ya Kulipa

Desemba ikikaribia, kuna swali moja ambalo hutufikia karibu kila wiki. Mtu ameona kamera ndogo ya video kwenye tangazo la mtandaoni, bei ni poa, muuzaji anasema yuko Mombasa au Eldoret na anataka nusu ya pesa kwanza ndipo aipakie kwenye basi. Nitume? Jibu letu limekuwa lile lile: usitume. Ila kusema usitume hakumsaidii mtu ambaye kweli anahitaji kamera. Kwa hivyo safari hii tuliamua kwenda kununua moja wenyewe, kwa pesa zetu, kisha tuitumie kazi ya kweli na tuone kama inafaa.

Kazi yenyewe tulikuwa nayo. Mwenzetu mmoja hapa ofisini ana kukhu wake kule Shinyalu, Kaunti ya Kakamega, mama aliyepita miaka 80. Familia ilikuwa imepanga kukutana wikendi moja: ibada ya shukrani, chakula, ngoma ya isukuti, na jioni kukhu akae na wajukuu awasimulie. Mumewe aliaga zamani na sauti yake haiko popote. Zimebaki picha mbili na kitambulisho. Familia haikutaka hilo litokee mara ya pili.

Kwa nini tusitumie simu tu?

Hili ndilo swali la kwanza tulilojiuliza, na tulikaribia kuiacha safari ya kamera hapo hapo. Simu ya kisasa ya bei ya wastani hupiga video safi sana. Ndani ya nyumba usiku, mara nyingi huzishinda hizi kamera ndogo, kwa sababu imejaa ujanja wa kusafisha picha ambao kamera hizi hazina. Tuseme ukweli: kama unataka dakika tatu za mtoto akikata keki, baki na simu yako na pesa zako.

Lakini simu ya Mkenya si simu tu, ndiyo pochi yake. Fikiria sherehe ya nyumbani. Soda zimeisha, mtu anatumwa dukani na anasubiri umtumie pesa. Fundi wa hema anataka salio lake. Boda iliyomleta shangazi iko langoni. Kila dakika kumi unaombwa pesa, na kila ukitoka kwenye video kulipa, kipande cha hotuba kinapotea. Kisha simu inalia katikati ya maombi.

Dawa ya haraka ambayo watu wengi hutumia ni kumpa kijana simu: "Hebu nirekodie." Sasa umempa mtu simu iliyofunguliwa, yenye laini yako ya pesa ndani, na ataizungusha kwa watu kumi kwa saa nzima. Hatusemi mpwa wako ni mwizi. Tunasema tu kwamba PIN yako ndiyo mlango pekee uliobaki umefungwa, na kuna watu wanaotumia mwaka waliozaliwa kuwa PIN. Kamera ukimpa mpwa, umempa kamera tu.

Sababu nyingine ni za kazi yenyewe. Simu nyingi hukaribisha picha kwa kukata kipande na kukitanua, lakini kamera ya video ina lenzi inayosogea kweli. Kamera ina tundu la kufungia stendi chini yake. Betri yake unaibadilisha kwa sekunde tano. Na ukitaka irekodi saa nzima bila kuguswa, inarekodi.

Kilichopo sokoni

Kamera hizi siku hizi ni chache. Simu zimekula soko lake na aina mpya hazitoki kama zamani, kwa hivyo utakachokuta Nairobi ni mabaki ya stoo au mitumba, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK hata kama zilitoka kwingine. Ukitaka mfano wa kukupa picha ya kiwango, kuna Sony HDR-CX405, iliyotangazwa mwanzoni mwa 2015: zumu ya lenzi mara 30, picha ya Full HD, memori kadi ndogo ya microSD, na uzito chini ya robo kilo pamoja na betri. Nyingine ni Panasonic HC-V180, yenye zumu ya lenzi mara 50. Sisi tulinunua moja ya rika hilo. Hatuitaji ni ipi, kwa sababu hatulipwi na yeyote na hatutaki ionekane hivyo.

Neno la kuangalia kwenye boksi ni zumu ya lenzi. Utaona maandishi makubwa ya mara 350 na hesabu nyingine za kutisha. Hiyo ni zumu ya dijitali, yaani kamera inachukua picha ile ile na kuitanua hadi nyuso ziwe kama ugali. Usilipe hata shilingi kwa sababu ya nambari hiyo. Kwa nyumbani mara 30 inatosha kabisa. Kinachokosekana mara nyingi si kwenda karibu, ni kurudi nyuma: sebule ni ndogo na unataka watu wote waingie. Simama kona ya duka, rudisha zumu hadi mwisho, uone kama ukuta wa mbele unaingia wote.

Zile za kaseti ndogo za MiniDV ni za bei ya chini sana na zinashawishi. Kaseti moja inabeba dakika 60, na kuiingiza kwenye kompyuta kunachukua dakika hizo hizo 60, kupitia tundu la FireWire ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Tungenunua moja kwa sababu moja tu: kama nyumbani kuna kaseti za zamani za harusi ya wazazi na unataka kuziokoa.

Pia kuna jambo la stima ambalo hakuna muuzaji aliyetuambia. Stima yetu ni hezi 50. Kamera iliyotengenezewa Marekani hurekodi kwa mpigo wa 60, na chini ya taa za tyubu za hapa picha inaweza kucheza-cheza kama mshumaa kwenye upepo. Nyingine zina mpangilio wa shata unaoweza kuuweka 1/50 au 1/100 na shida ikaisha. Nyingi ndogo hazina. Njia rahisi ni kuitazama dukani chini ya taa, si nje kwenye jua. Na chaja isomwe: ikiandikwa 100–240V, ni sawa, unahitaji adapta ya plagi tu.

Luthuli, Jumamosi asubuhi

Tulitenga shilingi 25,000 kwa kila kitu. Tukaenda Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki, na tukaingia maduka manne. Duka la tatu lilikuwa na kamera mbili za rika tulilotaka. Bei ya kwanza ilikuwa 22,000.

"Boss, hii ni safi. Ex-UK, haijaguswa."

"Sawa ndugu yangu, tutaigusa sisi."

Tulikuwa tumebeba kompyuta, memori kadi ya kujaribia na kitambaa cheupe. Mwenye duka alicheka, lakini alitupatia kiti. Tuliiwasha na kuzungusha kile kiskrini chake huku na huku polepole. Ndani ya bawaba kuna utepe mwembamba wa nyaya, na kwenye kamera iliyofunguliwa mara nyingi utepe huo huchoka. Ile ya kwanza picha ilizimika kila tukifika nyuzi tisini. Tukairudisha bila maneno mengi. Ya pili ilitulia.

Tukairekodi hiyo ya pili ikitazama kitambaa cheupe, tuone kama kuna madoa ya vumbi ndani ya lenzi. Tukaziba lenzi kwa kiganja, tuone kama kuna vinukta vinavyong'aa kwenye giza, ishara ya pikseli zenye hitilafu. Tukaivuta zumu kwenda na kurudi tukisikiliza mota. Sauti ya kusaga ni mbaya. Tukatoa betri na kuilaza kwenye meza: ikiwa imevimba, inayumba kama kiti kibovu. Halafu tukaacha kamera irekodi dakika kumi mfululizo tukinywa chai ya jirani, tukaichomeka kwenye kompyuta na kuangalia video mwanzo hadi mwisho, na sauti pia. Yote yalichukua kama dakika arobaini. Kama muuzaji hawezi kukuvumilia kwa muda huo, basi jiulize atakuvumiliaje ukirudi wiki ijayo na malalamiko.

Tukakubaliana 18,000, betri moja ya ziada ikiwa ndani.

Sasa hapa ndipo somo letu la kila siku. Mwenye duka alituandikia nambari ya simu kwenye karatasi. "Tuma hapa, ni yangu." Juu ya kaunta kulikuwa na kibandiko cha nambari ya till. Tukamuuliza mbona tusilipe kwa till. Akasema till ina makato. Huenda ni kweli kwake, lakini kwetu sisi wanunuzi tofauti ni kubwa. Ukilipa kwa till, jina linalotokea kwenye simu ni la biashara, na ujumbe unaobaki ni ushahidi kwamba ulinunua kitu kwenye biashara hiyo. Ukituma kwa nambari ya mtu binafsi, ujumbe unasema tu kwamba ulimtumia fulani pesa, na fulani anaweza kusema ulikuwa unamlipa deni.

Tukalipa kwa till. Jina lililotokea lilikuwa lile lile la kwenye ubao wa duka. Lingekuwa tofauti tungesimama na kuuliza. Hatukuondoka mara moja pia. Tulisubiri naye apate ujumbe wake, akatuandikia risiti, na kwenye risiti tukaomba aandike nambari ya seriali ya kamera pamoja na ile kodi ya muamala yenye herufi na tarakimu. Akaongeza kwa mkono: siku saba za kurudisha.

Watu wengi hudhani kwamba wakikosana na muuzaji, watatupigia na sisi turudishe pesa. Kurudisha muamala kumekusudiwa pesa iliyoenda kwa nambari isiyo yake, ulipokosea tarakimu. Hakukuwekwa kuvunja biashara ambayo wewe mwenyewe uliikubali. Na hata kwa pesa iliyokosea njia, mpokeaji akishaitoa kwa wakala, hakuna kitu kwenye akaunti cha kurudisha. Ndiyo maana tunarudia hilo la deposit ya basi: ukishatuma, umebaki na ujumbe, na ujumbe haurekodi video.

Tulibakiwa na 7,000. Stendi ya miguu mitatu, mfuko, halafu memori kadi. Na hapo kwenye kadi ndipo sisi, walimu wa wengine, tulipigwa.

Kadi ya mia sita

Tukiwa tunaelekea stejini, kijana mmoja alikuwa na kadi kwenye trei. GB 128, shilingi 600. Duka tulilotoka liliuza kadi ya GB 32 kwa bei karibu na hiyo. Tulikuwa tumechoka, matatu ilikuwa inajaa, na tulihisi tumeshamaliza kazi ya kuwa makini kwa siku hiyo. Tukanunua. Hatukuijaribu. Tulikuwa na kadi nyingine ya kujaribia, ya GB 32, lakini tukaiweka akiba kwa sababu ile mpya ni kubwa.

Hesabu ya nafasi ni nyepesi, na kila mnunuzi afanye. Kamera hizi zikirekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde, saa moja inakula takriban GB 11. Zikirekodi kwa megabiti 50, ni GB 22 na nusu. Kwa hivyo kadi ya kweli ya GB 32 inabeba karibu saa tatu za kiwango cha kwanza, na hiyo ni sherehe nzima. Hatukuhitaji GB 128 hata kidogo.

Shinyalu tulifika Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi kila kitu kilikwenda vizuri. Kamera kwenye stendi ilirekodi ibada yote, mtu akiiangalia mara moja moja tu. Zumu ilimleta kukhu karibu tukiwa tumesimama chini ya mwembe, bila kumsumbua.

Isukuti ilikuwa mtihani mwingine. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Kamera ndogo hurekebisha sauti yenyewe: ikisikia kishindo inaziba masikio, kikiisha inayafungua polepole. Ukiwa mita mbili kutoka ngoma kubwa, sauti inapasuka, na mwimbaji anasikika kama yuko ndani ya pipa. Tulirudi nyuma mita kama kumi na tano na kutumia zumu, na mambo yakawa sawa. Kamera nyingi za bei hii hazina tundu la maikrofoni ya nje. HDR-CX405 ni mojawapo. Kwa mazungumzo ya ndani, tulilaza simu moja kwenye meza karibu na kukhu irekodi sauti. Simu hiyo ilikuwa kwenye hali ya ndege. Ilikuwa ya binamu, na baada ya saa moja akaihitaji kulipia nyama.

Jioni kukhu akaanza kusimulia. Taa ilikuwa moja, balbu ya katikati. Sensa ya kamera hizi ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na kwa mwanga huo picha inajaa chembechembe. Tukasogeza kiti chake karibu na balbu na kuleta taa ya sola pembeni. Ikatosha. Akasimulia jinsi mumewe, akifanya kazi Nairobi, alivyokuwa akituma karo ya watoto kwenye bahasha kwa mkono wa utingo wa basi, na yeye anatembea hadi barabarani kuisubiri. Kisha akafika kwenye muhula ambao bahasha haikufika. Alisimulia kwa muda mrefu, akataja jina la basi, akataja mvua, akasema alichomwambia mwalimu mkuu. Wajukuu walinyamaza kabisa. Hata sisi wa kampuni ya kutuma pesa tulinyamaza.

Usiku tukachomeka kadi kwenye kompyuta. Mafaili yote yalikuwepo kwa majina. Ya asubuhi yalifunguka. Kuanzia nusu ya isukuti hadi mwisho, hakuna lililofunguka hata moja.

Kadi za namna hii ni ndogo ndani, pengine GB 8 au 16, lakini zimechezewa zijitambulishe kuwa kubwa. Kamera inaziamini. Nafasi ya kweli ikiisha, kadi inaendelea kusema imepokea, na kilichotumwa hakiendi popote. Majina yanaonekana, ndani hamna kitu. Kuijua mapema si kazi: kuna programu ya bure ya kompyuta iitwayo H2testw, na nyingine iitwayo F3, zinazoijaza kadi hadi pomoni na kuisoma tena. Bila programu, ijaze mwenyewe kwa mafaili makubwa kisha uyafungue ya mwisho. Inachukua saa chache. Tulikuwa nazo, wiki nzima.

Ile simu ya sauti ilikuwa imechukuliwa kabla ya hadithi ya bahasha.

Jumapili tuliweka kadi ya GB 32 tuliyoijua, tukaiformati ndani ya kamera yenyewe, na mwenzetu akamwomba kukhu kwa unyenyekevu asimulie tena. Alikubali. Alisimulia kwa dakika nne. Mvua haikuwemo, na jina la basi alilisahau.

Kama unauliza kununua au kutonunua

Kama sherehe zako ni ndefu, kuna watu wa mbali wa kuwaleta karibu, na simu yako ndiyo inayolipa kila mtu, kamera ya 18,000 iliyokaguliwa vizuri ni pesa iliyotumika vyema. Tungeinunua tena. Kama nyumba yako ina mwanga hafifu na unataka hasa mazungumzo ya usiku, tungekushauri utumie nusu ya pesa hizo kwa taa nzuri na stendi ya simu, na uazime simu ya pili isiyo na laini ya pesa. Watoto wadogo wanaokimbia? Simu.

Gharama usiyoiona dukani ni ya kutunza. Video ya saa moja ya GB 11 haitapita WhatsApp, ambayo hata ukituma kama faili inakomea GB 2, na kuipandisha mtandaoni kwa bando kutakuumiza. Sisi tulinakili kila kitu kwenye flashi mbili: moja ikabaki Shinyalu ndani ya kabati la vyombo, nyingine iko Nairobi. Nunua flashi kwa risiti, ujaribu nazo pia.

Kabla hatujaondoka tuliunganisha kamera kwenye televisheni ya jirani kwa waya wa HDMI. Kukhu alitazama ibada, akatazama nusu ya isukuti, akacheka alipojiona akicheza. Halafu akauliza ile ya jana usiku iko wapi, ile ya bahasha, maana hiyo ndiyo alikuwa ameisimulia vizuri.